Mnaopita Rusumo kila wiki, shukeni garini mtazame mto

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Wiki iliyopita nilimpeleka mama yangu Rusumo, mpakani kwetu na Rwanda. Hatukuwa na mzigo wala mgonjwa wa kwenda kumwona Kigali. Tulikwenda kutazama mto Kagera na maporomoko yake, tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo kuna jambo limenikaa kifuani, nimeona nilitoe hapa maana najua humu wamo madereva, mawakala wa forodha na wafanyabiashara ambao pale ni njia yao ya kila wiki.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulo, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera. Lile daraja nimelivuka tangu kijana, na mara zote akili yangu ilikuwa kwenye foleni, muhuri na bei ya faranga. Maji nilikuwa nayasikia tu, kama mtu anavyosikia mashine ya kusaga ya jirani.

Tuliondoka gizani. Wenzetu wa Dar huenda hamlijui hili: sisi tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa yetu ni ileile yenu, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi Ngara bado unamulika njia kwa tochi ya simu. Jua lilichomoza saa moja kasoro kidogo, bodaboda zetu zikiwa zinashuka mteremko wa kuingia Rusumo. Mama alikuwa mbele yangu, kitenge kimoja kichwani na kingine mabegani kwa ajili ya baridi. Ukitazama kutoka juu saa ile, mto huuoni. Unaona ukungu uliolala kwa kufuata mikunjo yake, na ng'ambo vilima vya Rwanda vimetokeza juu ya ukungu na migomba yake.

Tulipofika chini tulikunywa chai kwanza. Chai ya rangi yenye tangawizi, chapati moja moja, na maharage ambayo mama aliyasifu hadi muuzaji akamwongezea kijiko. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, mengine tela za mafuta, mengine makontena, yametoka bandarini Dar zaidi ya kilomita 1,200. Madereva walikuwa wanapiga mswaki kando ya matairi, taulo shingoni, dumu la maji limewekwa juu ya ngazi ya kichwa cha gari. Hakuna aliyekuwa anatazama upande wa mto. Siwalaumu, nami nimepita hivyohivyo miaka yote.

Kisha nikaenda kumwona afisa mmoja. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, yule ni mama yangu. Hatuvuki, anaomba kuyaona maporomoko." Akamtazama mama, akaomba vitambulisho, akasoma, akarudisha. "Nendeni. Msikae sana, na simu ikae mfukoni." Ndiyo maana sina picha ya kuwawekea.

Sasa maporomoko yenyewe. Kimo chake ni kama mita 15, upana kama mita 40. Aliyezoea picha za Victoria Falls atasema ni madogo. Lakini mto ni mkubwa na unabanwa na miamba ghafla, kwa hiyo maji yanafika pale yakisukumana, yanaporomoka kwa pamoja, halafu yanapita chini ya miguu yako uliyesimama darajani. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba ya watu, umekokotwa na mvua kutoka vilima vya nchi mbili. Manyunyu yanafika hadi kwenye reli ya daraja. Mama aliishika reli, akaona imejaa matone, akayakusanya kwa kiganja na kujipaka usoni taratibu, kama mtu anayenawa. Sikumuuliza kwa nini.

Akapita mwanamke kutoka ng'ambo, beseni kichwani. "Mwaramutse," akasema. "Mwaramutse," mama akajibu, na hapohapo wakaanza mazungumzo ya mvua na bei ya maharage. Yule anaongea Kinyarwanda, mama anaongea Kihangaza chake, lugha yetu ya Ngara, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie neno. Simu ikatikisika mfukoni. Ilikuwa imenasa mtandao wa Rwanda na kurudisha saa nyuma. Saa moja na nusu yetu ikawa saa kumi na mbili na nusu yao, nami sijasogea hata hatua.

Kuna jambo kuhusu yale maji ambalo natamani kila mtoto wa Ngara afundishwe. Kabla kidogo ya maporomoko inakutana mito miwili. Mmoja ni Ruvubu, unaotoka Burundi na kupita kwetu Ngara. Mwingine ni ule uliobeba maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Baada ya hapo ni Kagera moja, ambao ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwani maji yanatoka kama Nile. Sasa sikilizeni. Burundi wanasema chanzo cha Nile ni chemchemi ya kule Rutovu, wamejenga hata piramidi dogo juu yake mwaka 1938. Rwanda wanasema ni msitu wa Nyungwe. Mabishano hayo ni ya zaidi ya miaka mia moja. Maji ya Rutovu yanakuja na Ruvubu, maji ya Nyungwe yanakuja na Nyabarongo, na yote mawili yanaanguka pale Rusumo kwa pamoja, mbele ya madereva wanaopiga mswaki. Hata jina lenyewe ni la maji: isumo kwa Kinyarwanda ni maporomoko.

Nimefika kwenye sababu ya kumpeleka mama.

Aprili 1994 mama alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi nikiwa mgongoni. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu. Tarehe 28 na 29 mwezi huo, kwa muda wa siku moja tu, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Walipelekwa Benaco, mahali palipokuwa pameitwa kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, na ndani ya siku chache pale porini pakawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi ya wakati huo.

Mama anasema walipita mchana na usiku na kilichosikika ni miguu. Hawakuwa wakizungumza. Mwanamke mmoja akakata kona, akaja hadi kwenye migomba yetu, akasimama. Alikuwa na maharage yamefungwa kwenye nguo ya mtoto. Akaomba chumvi. Mama akamfungia kwenye jani la mgomba, akampa. Hiyo chumvi nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Kila akisimulia anarudia kwamba mtu aliacha nyumba yake na vyote vilivyomo, na alipofika kwa watu aliomba chumvi tu.

Habari ya mtoni hakupata kutusimulia. Tuliisoma shuleni na kuisikia redioni kama watu wengine, kwamba wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda miili ya Watutsi ilitupwa mtoni na kupita chini ya lile daraja, siku baada ya siku, ikaenda hadi Ziwa Victoria. Siku hii tukiwa tumesimama, ukungu umeanza kuinuka, aliniashiria pale chini ya maporomoko ambapo maji yanazunguka kabla ya kupata njia. Akasema, "Hapo ndipo ilikuwa inazunguka. Maji yalikuwa yanaizungusha kwanza, ndipo yanaiachia." Akanyamaza. Baada ya muda akasema twende, afisa asije akatugombeza.

Ombi langu ni hili. Pale tuliposimama sikuona ubao wowote wa kumweleza mpita njia anatazama nini, wala mahali ambapo mtu mzima kama mama anaweza kukaa nusu saa bila kuhisi anaiba muda wa mtu. Tumejengewa daraja zuri, ofisi nzuri, maegesho. Mahali pa kusimama na kuutazama mto hatuna. Wenye sauti kwenye vikao vya maendeleo vya Ngara lipelekeni hili: benchi mbili, paa la kukinga mvua, na ubao wenye Kiswahili. Na nyie mnaopita, kabla jambo hilo halijafanyika, mara moja tu shukeni.

---

Tela la Kati

Mkuu umenigusa. Nina miaka kumi na minne Dar hadi Kigali na kurudi. Nililikuta lile daraja la zamani la mwaka 1972, la njia moja. Lori likiwa katikati, upande wa pili wote wanasubiri. Unaweza kukaa hapo hadi ukawajua wenzako wote kwa majina ya watoto wao. Hili jipya lilijengwa kwa msaada wa Japani, likazinduliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame. Nakumbuka kwa sababu Magufuli hakuwa amesafiri nje ya nchi tangu aapishwe, na safari yake ya kwanza ikawa ile ya kwetu pale, kwa barabara.

Lakini nikueleze upande wetu. Darajani gari haisimami. Ukishavuka una kazi ya kuhamia mkono wa kulia, maana Rwanda wanaendesha kulia, na akili yote iko hapo. Bosi anapiga simu kuuliza umefika wapi. Kwa hiyo maporomoko mimi nayajua kwa kioo cha pembeni, sekunde nne hivi. Miaka kumi na minne ya sekunde nne.

---

Fundi Gridi

Uzi mzuri, ila mleta uzi ameruka jambo kubwa. Pale kuna bwawa sasa. Mradi wa Rusumo ni wa megawati 80, mitambo mitatu, wa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi, kila moja inachukua theluthi. Laini ya kwetu inakwenda Nyakanazi, ya Burundi inakwenda Gitega, na Rwanda wana yao. Mimi nimefanya kazi za njia za umeme ukanda huo na naona fahari nikiiona. Kwa miaka mkoa wa Kagera ulitegemea umeme wa kununua Uganda na Kigoma ilikuwa ya majenereta ya dizeli, kwa hiyo kuvuta gridi hadi kona ile si jambo dogo.

Ila tuseme ukweli wote. Maji yanayopita kwenye mitambo hayapiti juu ya mwamba. Masika utayaona kama alivyoyaona mama yako. Ukienda kiangazi, mto umepungua, usitegemee mngurumo uleule. Anayetaka kuyaona yakiwa na nguvu zake aende Aprili au Mei.

---

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Fundi Gridi, asante kwa kuliweka sawa. Sikuliruka kwa ubaya, umeme tunautaka na tuliusubiri. Lakini umenipa sababu nyingine ya ule ubao. Kama sehemu ya maporomoko tumeyageuza umeme, basi mtoto aambiwe yalikuwaje, na kwamba taa yake inawaka kwa maji ya Rutovu na Nyungwe.

Tela la Kati, egesha upande huu kabla hujavuka, nenda kwa miguu, omba ruhusa kama nilivyoomba. Dakika ishirini zinatosha.

---

Binti Nyamirambo

Nawasalimu kutoka Kigali. Nimesoma uzi wote na nimelia pale kwenye kuzunguka. Naomba niseme kitu kwa heshima kwa sababu vijana watausoma.

Waliovuka daraja tarehe 28 na 29 Aprili na waliopita chini ya daraja si watu walewale. Walioko mtoni walikuwa Watutsi waliouawa. Wengi wa waliovuka juu walikuwa Wahutu wanaokimbia kwa sababu jeshi la RPF, lililokuwa likipigana na serikali ya wakati ule, lilikuwa limekaribia mpaka. Wengi wao walikuwa wakulima wenye hofu, na watoto. Lakini ndani yao walikuwamo pia waliokuwa wametoka kuua. Upande wetu, wilaya ya Kirehe, kuna Nyarubuye, kanisa ambako watu waliokimbilia waliuawa katikati ya Aprili. Aliyekuwa meya wa Rusumo wakati huo, Sylvestre Gacumbitsi, alivuka na wakimbizi, akaishi kambini Tanzania hadi alipokamatwa mwaka 2001 mkoani Kigoma. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha.

Sisemi haya kumlaumu mama. Chumvi ni chumvi. Nasema tu kwamba ubao ukija kuandikwa, uandikwe yote mawili, ya juu ya daraja na ya chini yake.

---

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Dada Binti Nyamirambo, asante sana na pole. Umesema vizuri kuliko nilivyoandika mimi, na uko sahihi kwamba msomaji angeweza kuchanganya.

Jana usiku nilimsomea mama ulichoandika, neno kwa neno. Alikaa kimya muda mrefu akichambua maharage. Kisha akasema kwamba hilo walikuja kulijua baadaye, minong'ono ya Benaco ilipoanza kufika vijijini, fulani alifanya hivi, fulani alikuwa mkubwa wa wale. Akasema kuna wiki nzima hakupata usingizi akimfikiria yule mwanamke, kama alikuwa wa upande gani. Nikamuuliza alifikia wapi. Akasema, "Sikufika popote. Uso wake ninao, jina lake sina."

---

Mwana wa Ziwa

Mimi nilikuwa mtoto pande za ziwani mwaka ule wa 1994. Nakumbuka nyumbani tuliacha kula samaki. Baba alikuja na sato, bibi akasema warudishwe, hataki kuwaona jikoni kwake. Sikuelewa. Tulikula maharage na dagaa wa zamani waliokuwa wamehifadhiwa, hadi dagaa wakaisha. Uganda, kwenye fukwe za Kasensero, Lambu na Ggolo, wavuvi na wanakijiji waliitoa ile miili majini na kuizika. Leo kuna makaburi ya kumbukumbu sehemu zote tatu, na waliozikwa humo ni zaidi ya 10,000. Watu wa Rusumo wakiujengea ule mto mahali pa kutazamia, na sisi wa mwisho wa mto tutajiona tumo.

---

Mzee wa Kyaka

Vijana, mto huo msiuachie Rusumo peke yake. Ukitoka hapo unakwenda kaskazini ukigawa Rwanda na sisi, unapita kwenye mabwawa na mafunjo ya hifadhi ya Akagera, halafu unageuka mashariki upande wa Uganda. Kwetu Kyaka tunalo daraja la mto huohuo ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja Novemba 1978. Kagera tunaujua kwa kuvuka na kwa kushindwa kuvuka.

---

Mpenda Kale

Nyongeza kidogo. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kupitia hapohapo Rusumo, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliwanyang'anya Wajerumani kivuko kilekile. Eneo lile, aliyetaka kuingia Rwanda kutoka mashariki alilazimika kupita kwenye ule mbano wa miamba, kwa sababu juu na chini yake mto umezungukwa na vinamasi. Anayetaka kujua kwa nini daraja liko pale na si kwingine, atazame miamba.

---

Askari Mstaafu

Mleta uzi, moyo wako ni mzuri lakini mpaka ni mpaka. Pale kuna daraja, kuna bwawa, kuna kituo cha umeme cha nchi tatu. Ukiweka benchi leo, kesho kuna watu wanakaa hapo kutwa wakihesabu magari, na humo ndani yuko mtu wa magendo na mtu mbaya kuliko wa magendo. Afisa aliyewaambia simu ikae mfukoni alifanya kazi yake sawasawa.

---

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hoja yako naiheshimu na yule afisa simlaumu hata kidogo, alitutendea kwa utu. Lakini Victoria Falls kuna daraja la tangu 1905 kati ya Zambia na Zimbabwe, nalo linapitisha malori na hata treni. Mtu anapewa kikaratasi cha ruhusa, anaingia darajani, anatazama, anapiga picha, anarudi alikotoka bila kuvuka. Wameweza kulinda mpaka na mtu akaona maji. Nasi tunaweza kutenga mahali upande wetu, mbali na mitambo, penye saa za kufungua na kufunga na mlinzi wa kuandika majina. Wahesabu magari wapo hata leo mzee, wamekaa kwenye vibanda vya chai.

---

Askari Mstaafu

Marahaba. La kikaratasi na daftari la majina nimelielewa. Hapo tunaweza kuzungumza.

---

Mguu Njiani

Niko Kahama, nataka kwenda mwisho wa mwezi na wanangu wawili. Njia ikoje na nahitaji karatasi gani? Watoto watafaidi kweli?

---

Tela la Kati

Kutoka Kahama unapita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, halafu unashuka Rusumo. Lala Benaco au Ngara mjini ili ufike asubuhi. Kama hutavuka, kitambulisho chako na ustaarabu wa kuomba. Kama utavuka, uwe na pasipoti au ile hati ya dharura ya kusafiria, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto usiviache. Pale ni kituo cha pamoja, kwa hiyo ukitoka Tanzania husimami upande wetu, mihuri yote miwili unagongewa upande wa Rwanda. Ukirudi ni kinyume chake. Mifuko ya plastiki acha nyumbani kabisa, Rwanda walipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua mabegi.

Ukivuka na ukapata muda, nenda hadi Nyakarambi. Kuna akina mama wanatengeneza imigongo, zile picha za mistari na pembe zinazojengwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nilimletea mke wangu moja, iko ukutani sebuleni hadi leo.

---

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Mguu Njiani, watoto watafaidi. Waamshe mapema ili waukute ukungu, ukifika saa tatu umeshaondoka. Wavalishe masweta. Na kabla ya kushuka mteremko waambie wazime muziki wa simu, wataanza kuyasikia maji wakiwa bado hawajauona mto.

---

Binti Nyamirambo

Mleta uzi, nina swali moja kwa mama kama hatachoka na sisi. Yule mwanamke wa chumvi, alimwona tena?

---

Mtoto wa Kasulo (mleta uzi)

Nimemuuliza leo asubuhi, dada. Anasema Desemba 1996, wakimbizi waliporudishwa, walipita barabara ileile kuelekea darajani, safari hii askari wakiwa kando na mvua inanyesha. Aliacha palizi, akasimama pale kwenye migomba siku tatu, akitazama nyuso zinazopita. Mfukoni alikuwa na chumvi kwenye karatasi. Hakumwona.